Jasho la Ziwani

Kwa miezi saba hivi nilimdanganya mke wangu kila asubuhi, isipokuwa Jumapili. Haukuwa uongo wa mwanamke mwingine. Ule wenzangu ofisini wangeuelewa, na wengine wangenipigia makofi. Mimi nilimdanganya kwamba nafanya mazoezi. Nikisimulia mwanzo wake watu hucheka, nami huwaacha wacheke, kisha nabadilisha mazungumzo kabla hatujafika mbali. Sijawahi kusimulia mpaka mwisho.

Tulikuwa tunakaa Milimani, kwenye nyumba ya serikali yenye ua mkubwa na lango la chuma, miaka ya themanini ikielekea kwisha. Nilikuwa afisa. Sikuwa mkubwa sana, lakini nilitosha kupewa gari la kazi na meza yenye simu. Na nilikuwa na kitambi. Vijana wa leo mnaokimbia asubuhi na nyaya masikioni hamwezi kuelewa kitambi kilikuwa nini nyakati zile. Kilikuwa cheo. Nikienda nyumbani kijijini, mama yangu alinipiga-piga tumboni mbele ya majirani akisema, "Huyu anakula," na majirani wakaitikia kwa heshima zote. Kwenye matanga nililetewa kiti chenye mikono. Fundi wangu wa nguo alikuwa akizungusha utepe kiunoni mwangu, anapiga mluzi, anasema, "Mzee, mambo yako safi." Mimi nikiingia garini nacheka peke yangu kwa raha.

Kaka yangu mkubwa alikuwa na kitambi kunishinda. Alikuwa msimamizi wa bohari katika mji mwingine, naye pia alikuwa akikaa nyumba ya kazi. Jumapili moja alikuwa mezani anawaambia watoto wake jambo la kuchekesha, akanyamaza katikati ya sentensi, akaegemea upande. Ilikuwa imekwisha. Tulimzika, na kabla mwezi haujaisha mjane wake aliambiwa aondoke kwenye ile nyumba kwa sababu msimamizi mpya anakuja. Ni mimi niliyekwenda na lori kumchukua. Tulipakia vitanda, cherehani, masanduku ya watoto ya shule, na kuku watatu ndani ya kapu. Shemeji alikaa mbele na dereva, amepakata saa ya ukutani kama mtoto mchanga. Mke wangu alikuwa nami garini, tunafuata lori nyuma. Tukapita mji wa Ahero. Hapo aliuliza, bila kunitazama, "Na sisi, Baba, lori letu litatoka wapi?"

Nilijifanya natafuta nafasi ya kulipita lori.

Wiki hiyo hiyo akanipeleka kwa daktari, yaani aliniongoza kama unavyomwongoza ng'ombe joshoni. Daktari alikuwa kijana mwembamba, rika la mdogo wangu wa mwisho, na hilo peke yake lilitosha kunikasirisha. Alifunga ule mpira mkononi mwangu mara mbili, akatazama karatasi za maabara, akasema presha iko juu na sukari inabisha hodi. Nipunguze mafuta, nipunguze chumvi, nitembee nusu saa kila siku mpaka nitoke jasho. "Mzee," akasema, "ukiendelea hivi mimi siwezi kukuahidi kitu." Nilitaka kumwambia kwamba sikuja kuahidiwa kitu na mtoto. Mke wangu alimshukuru kwa niaba yangu.

Jioni ile aliubeba mkebe wa mafuta ya kupikia akampelekea jirani. Mkebe mzima! Nilidhani atanipikia mimi chakula changu pembeni, kama wafanyavyo watu wenye wagonjwa. Hapana. Nyumba nzima ikaingia kwenye matibabu yangu. Watoto wetu wanne, pamoja na binti yetu mdogo aliyekuwa na miaka tisa, wakaanza kula mboga chungu ya osuga ya kuchemshwa, na omena, wale dagaa wa ziwani, wasioonja mafuta. Mandazi ya Jumamosi yakafutwa. Walipolalamika mama yao akawaambia, "Baba yenu hatakula peke yake kama mtu wa hospitali. Tutakula naye." Kwa hiyo walikula nami, nyuso zimewashuka, na hakuna aliyethubutu kuacha mboga kwenye sahani.

Asubuhi ya kwanza nilivaa raba mpya na suti ya michezo ya rangi ya bluu nikatoka langoni kwa miguu. Sasa, Milimani ya wakati ule, saa kumi na mbili na nusu, anayetembea kwa miguu ni mlinzi anayetoka zamu au msichana wa kazi anayefuata maziwa. Sijafika hata kona ya pili, gari likasimama kando yangu. Alikuwa mwenzangu wa ofisini.

"Bwana! Gari imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Natembea tu."

"Unatembea tu." Alinitazama kuanzia raba hadi kichwa, kwa huruma iliyonichoma moyo. "Ingia, Bwana. Hiyo ni mambo ya kazi, inaweza kupata mtu yeyote."

Nikaingia! Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba niliingia. Akanirudisha hadi langoni kwangu, na kufikia saa ya chai ghorofa nzima ilikuwa inajua kwamba nimenyang'anywa gari la idara. Tarishi alinipokea mkoba kwa upole ambao hajawahi kuwa nao. Mkubwa wangu aliniita, akafunga mlango, akaniuliza kama kuna shida nyumbani. Nilirudi nimevimba kwa hasira, nikamtangazia mke wangu kwamba Milimani si mahali pa mtu kufanya mazoezi. Kuna vumbi, kuna magari, kuna midomo. Kuanzia kesho nitaendesha hadi Dunga, nitatembea kule kando ya ziwa ambako hakuna anayenijua.

"Sawa, Baba," akasema. "Mahali popote, mradi utembee."

Nataka niseme ukweli wote, hata ule unaonitetea kidogo. Siku ile ya kwanza Dunga nilikusudia kutembea. Niliegesha gari chini ya mti, nikakaza kamba za raba, nikaanza. Mitumbwi ilikuwa inaingia, wanawake wamejaa ufukweni na mabeseni wakigombania samaki, na kando ya njia mama mmoja alikuwa amewasha moto anawakaangia wavuvi waliokesha majini. Nilikwenda hatua kama mia mbili. Kifua kikaanza kupiga, mapaja yakasuguana, na upepo ukaniletea ile harufu. Wewe ambaye hujala mboga ya kuchemshwa wiki nzima nyamaza kwanza.

"Mzee, karibu kiti," yule mama akaniita.

Ndani yangu kuna sauti, na naijua vizuri kwa sababu tumekaa pamoja miaka mingi. Ni sauti yenye adabu sana. Haikuniambia hata mara moja nisitembee. Iliniambia tu nikae dakika tano nipumzike. Baada ya dakika tano ikaniambia kwamba mtu hawezi kukalia kiti cha mfanyabiashara bila kununua chochote, ni utovu wa heshima. Nilipomaliza samaki mzima wa ngege, mkavu, wa moto, na chumvi yake na pilipili, ikaniambia kesho. Kesho tutaanza vizuri, na mapema.

Nikatazama saa. Nusu saa ilikuwa imepita na zaidi, na mimi mkavu kabisa. Nikamkumbuka daktari na jasho lake. Nikamkumbuka mke wangu aliyekuwa ananingoja jikoni. Nikateremka hadi majini katikati ya mitumbwi miwili, nikainama kama mtu anayenawa mikono, nikajimwagia maji kifuani.

Mambo mengine mtu huyafanya mara moja akaona haya. Mimi nililifanya hili mpaka nikawa fundi. Nilijua kwamba viganja viwili vinatosha kifuani, kimoja shingoni, na mgongo unahitaji leso iliyoloweshwa, kwa sababu ukimwaga maji tu hutiririka hadi kwenye suruali na suruali haitoki jasho namna hiyo. Makwapa nilikuwa nikiyakamilisha mwisho. Mikono nilisugua kwa limau kuondoa harufu ya samaki, kisha nikatafuna limau lenyewe. Njiani nilifungua madirisha ya gari, na nikikaribia langoni nilianza kuhema.

Mke wangu alinipokea kila siku kwa neno lile lile. "Pole na mazoezi, Baba." Maji ya kuoga yalikuwa tayari yana moto kwenye karai. Alilichukua shati lile lililolowa, akalitia kwenye kapu la nguo chafu, kisha akaniwekea mezani uji usio na sukari. Nami niliunywa uji ule, samaki mzima tumboni, kwa uso wa mtu anayeteseka kwa ajili ya familia. Watoto walikuwa wakinitazama kwa heshima. Mkubwa wao alianza hata kunipangia raba kila jioni, zikae karibu na mlango.

Kitambi, bila shaka, hakikwenda popote. Kiliongezeka. "Mwili wangu mkaidi," nilimwambia mke wangu siku moja nikifunga mshipi kwa taabu. Akasema, "Ndiyo, ni mkaidi," akaendelea kukunja nguo.

Likizo ya Agosti ilipofika binti yetu mdogo akaomba kwenda nami. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mama yake akaingilia kati: "Mpeleke. Atakuhesabia hatua." Ningekataaje tena? Asubuhi ile nilitembea kweli, nadhani hatua mia tatu, huku yeye anarukaruka mbele yangu anahesabu kwa sauti. Kisha harufu ikatufikia sote wawili. Aligeuka akanitazama. Hakuomba kitu. Ni mimi niliyesema, "Wewe una njaa?"

Nilimnunulia samaki wake mwenyewe. Alikula kama mtoto ambaye hajaonja mafuta kwa miezi, kwa sababu hajaonja mafuta kwa miezi, na ni kwa ajili yangu. Alivunja mifupa akainyonya. Alilamba vidole kimoja kimoja. Pale ilinipasa nione aibu, lakini nilichoona ni hatari, basi nikainama nikamwambia, "Hii ni siri yetu, eti? Mama akijua atahuzunika." Akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wote wa mtoto aliyeaminiwa. Nilipokwenda majini akanifuata.

"Baba, unafanya nini?"

"Najipoza. Joto."

Jua lilikuwa halijapanda hata juu ya miti.

Ikaendelea hivyo wiki mbili. Kisha ikaja Jumapili ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Kanisani kwetu kulikuwa na wakati wa ushuhuda, baada ya matangazo na kabla ya mahubiri, anayetaka anasimama. Mke wangu hakuwa mtu wa kusimama. Hata kuimba alikuwa anaimba chini chini. Siku ile alisimama. Nilidhani anatoka nje kwa haja zake, nikavuta miguu apite.

"Nasimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu," akasema. "Tulimzika shemeji yangu, nami nikaogopa sana. Niliona watoto wangu juu ya lori. Sasa mume wangu anaamka kila asubuhi anakwenda kutembea, na kila asubuhi ananiletea nyumbani shati lililolowa. Namshukuru Mungu kwa lile shati. Nawaomba mtuombee."

Akaketi. Kanisa likalipuka kwa makofi, na akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji naye, kwa furaha yake, akaita, "Baba asimame! Baba tumwone!"

Nilisimama. Mungu anisamehe, ningeweza kusimama nikaketi, yangekwisha. Lakini watu walikuwa wananitazama kwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku ile niliponyang'anywa gari ambalo sikunyang'anywa, na ulimi wangu ukateleza wenyewe. "Ni kujikaza tu, ndugu zangu," nikasema. "Mwili ni mtumwa. Usipouamrisha, utakuamrisha." Nikaongeza na mengine, juu ya kuamka mapema. Ngoma ikapigwa. Nilipoketi nikakutana na macho ya binti yangu, aliyekuwa katikati yetu. Alinitazama kidogo, kisha akatazama viatu vyake, akabaki hapo mpaka mwisho wa ibada.

Kesho yake, Jumatatu, tulikwenda Dunga kama kawaida. Tukala. Nilipokuwa nafuta mikono kwa limau, nikamwona binti yangu ameteremka majini peke yake. Akachota viganja viwili akajimwagia kifuani. Kimoja shingoni. Akaichukua leso yangu niliyokuwa nimeiacha juu ya ukingo wa mtumbwi, akailowesha, akaipitisha nyuma chini ya gauni lake, kwa shida, mikono mifupi ile. Kisha makwapa. Akapanda hadi nilipokuwa, maji yanamtiririka, akasimama mbele yangu.

"Baba, hii jasho inatosha?"

Hakuwa ananidhihaki. Ningemshukuru kama angekuwa ananidhihaki. Aliuliza vile anavyouliza mtoto aliyemaliza hesabu anayotaka isahihishwe.

Nikamfokea. Naam, mimi. "Nani amekufundisha upumbavu huu?" nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Mtoto alikuwa ananitazama tu. Yule mama wa samaki alimgeuza samaki upande wa pili kwenye mafuta, akasema bila kuinua macho, "Yawa, Mzee. Mtoto si ni wako?"

Nimewahi kuaibishwa mbele ya watu. Nimewahi kukaripiwa na mkubwa mbele ya tarishi. Hayo yote ni ya nje, unaoga yanatoka. Ile ya Dunga iliingia ndani ikakaa. Niliichukua leso mkononi mwa mtoto, nikamvisha koti langu la michezo, nikamweka garini. Nilisema, "Nisamehe." Akasema, "Sawa, Baba." Nadhani hakujua ninaomba msamaha wa nini, au alijua kuliko mimi.

Ungetarajia kwamba kesho yake niliamka mtu mpya. Wapi! Jumanne nilisema nina homa, nikalala mpaka saa mbili. Ile sauti yenye adabu ilikaa kando ya kitanda changu ikinipepea. Ilisema nimeumia vya kutosha, kwamba aibu peke yake ni zoezi tosha. Jumatano niliamka nikiwa nimeichoka sauti hiyo kuliko nilivyouchoka mwili wangu. Nikamwamsha binti yangu. "Leo tunatembea," nikamwambia. "Hakuna samaki." Akavaa viatu vyake haraka sana.

Tuliliacha gari Dunga na kuishika njia ya kuelekea kule viboko hujitokeza. Nilipopita kwenye moto wa yule mama nilitazama mbele kama mtu anayepita kwa anayemdai. "Mzee, leo samaki wamekukosea nini?" akaniita, na wenzake wakacheka. Hatua mia mbili, kifua. Hatua mia tatu, mapaja. Mia nne, ile sauti ikaja: umejitahidi, kesho utaongeza. Nikaijibu kwa tusi la Kijaluo ambalo siwezi kuliandika hapa, na binti yangu akaacha kuhesabu akaniuliza nimesema nini. Wanawake watatu wenye mabeseni ya omena vichwani walitupita wakizungumza, hawakuhema hata kidogo, na mmoja alikuwa mzee kuliko mama yangu. Nikafika kwenye kalvati, nikakaa juu ya jiwe, mdomo wazi. Moyo ulinipiga masikioni. Niliogopa kweli kweli, nikamwona kaka yangu anaegemea upande, nikaona lori.

Hapo ndipo lilipopita gari, na ndani yake mzee mmoja wa kanisa letu. Akaniona. Akapiga honi, akatoa kichwa dirishani akaniita kwa furaha, "Mwili ni mtumwa!"

Nikampungia mkono. Ningefanya nini? Binti yangu alianza kucheka, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kucheka pia mpaka nikakohoa. Alipoacha kucheka akaja akanishika kidole, akanivuta. "Bado hatua mia moja mpaka ule mti," akasema. Nikasimama. Tukafika kwenye mti. Alhamisi tukaupita, na Ijumaa tukaupita tena, ingawa Ijumaa nilikaribia kulia kwa maumivu ya magoti.

Jumamosi ilikuwa siku ya kufua. Nilikuwa kibarazani na gazeti niliposikia mke wangu akiniita kutoka kwenye bomba la nyuma. Hakuwa na kawaida ya kuniita akifua. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda, kapu la nguo za wiki ubavuni mwake, na shati langu la Jumatano amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayesoma barua. Lilikuwa limekaukia kapuni. Kwenye kola na makwapani palikuwa na mistari myeupe, imepindapinda. Akalileta mdomoni, akaigusa kola kwa ncha ya ulimi.

"Hili lina chumvi," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani analalamika.

"Na hili lina chumvi. Na hili." La Alhamisi, la Ijumaa. Akaliinua la Jumatatu, likanyooka safi, halina mstari wowote, ila rangi ya kijani kidogo pindoni. "Hili halina. Yale mengine yote hayakuwa nayo. Baba, maji ya ziwa yakikauka hayaachi kitu ila harufu. Baba yangu alikuwa mvuvi. Nimefua nguo zake mpaka siku niliyoolewa."

Nilishika nguzo ya kamba ya nguo. "Tangu lini unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekasirika. Halafu ungeacha hata kujifanya." Aliliweka la Jumatatu chini. "Na mtoto alikuwa akirudi na mafuta kidevuni. Hukumsugua kwa limau."

Miezi saba. Miezi saba "Pole na mazoezi, Baba," na maji ya moto, na uji, anajua. Nikauliza lile nililokuwa naliogopa zaidi. "Na kanisani?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nilisimama nikijua," akasema. "Nilifikiri ukinisikia nasema vile, utasimama useme ukweli. Ukasimama ukahubiri." Sauti yake haikupanda. "Nimedanganya mbele ya madhabahu kwa ajili yako. Sikuwa nimewahi kumdanganya Mungu kwa ajili ya mtu." Kisha akaishika sabuni, akaanza kufua, akaanza na lile la Jumatatu.

Nilikuwa mtu wa hasira, yeyote aliyefanya kazi nami atakwambia. Siku ile niliitafuta hasira kila mahali, sikuipata. Nilikaa chini kwenye saruji iliyolowa, nikachukua shati moja kapuni nikaanza kulisugua vibaya vibaya. Hakunikataza.

Nilitembea. Baada ya likizo sikuhitaji tena kwenda Dunga. Nilitoka langoni kwangu kwa miguu, Milimani yote ikanitazama, nami nikaiacha itazame. Watu walisema nimefilisika, wakasema nina ugonjwa, mama yangu kijijini akalia kwamba mke wangu ananinyima chakula. Kitambi kiliondoka taratibu mno, kwa kinyongo. Mwaka uliofuata mafuta yalirudi jikoni, kijiko kimoja, na watoto wakapiga makofi mezani. Kanisani sikusema kitu. Nilikusudia, Jumapili nyingi nilikusudia, nikavuta pumzi kabisa wakati wa ushuhuda, na kila mara ile sauti ikaniambia Jumapili ijayo. Barabarani niliishinda. Pale kwenye benchi imenishinda hadi leo, na mchungaji yule alishafariki.

Nilipostaafu, miaka ya tisini ikiwa katikati, tulihamia nyumba ya kupanga Migosi. Lori lilikuja kweli. Vitanda vikapakiwa, na masanduku, na mke wangu akakaa mbele na dereva amepakata saa ya ukutani. Mimi nilikaa kando yake, mzima, tumebanana watatu. Tulipovuka reli aliuweka mkono wake juu ya goti langu.

Migosi niliendelea kutembea, na yeye akaendelea kufua, ingawa vidole vilikuwa vimeanza kumvimba. Na kila shati langu la asubuhi, kabla hajalitia majini, alipitisha kidole gumba ndani ya kola, polepole, mbele na nyuma, kisha akalitumbukiza. Kila siku. Alikuwa akifanya hivyo Milimani tangu ile Jumamosi, nami nilikuwa nikijifanya sioni. Asubuhi moja nikashindwa.

"Mama, miaka yote hii," nikamwambia. "Bado huniamini?"

Akakitazama kidole chake ndani ya kola, kana kwamba naye ndiyo kwanza anakikuta hapo.

"Mimi nilishakuamini zamani," akasema. "Ni mkono ambao haujaamini."

Akalitia shati majini. Nikasimama pale mpaka akamaliza kulisuuza, kisha nikamsaidia kulianika.